Uji Ndani ya Mpaka wa Metimani

Siku zile za Waingereza, kwetu Bashay, mwanamke akifiwa na mtoto mchanga aliingia metimani. Alitengwa yeye na mumewe, wasikanyage uwanja wa mtu, wasichote maji pamoja na wengine, wala kula katika chombo kimoja na yeyote, mpaka wazee waseme yatosha. Tuliamini kifo kimewashika na kinaweza kuhamia kwa jirani, kwa ng'ombe, hata kwenye mtama shambani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya pale Mbulu, aliliacha jambo hilo kama alivyolikuta.

Mtoto wangu wa kwanza alikufa kabla ya kubatizwa. Mimi na mume wangu tulikuwa Wakristo, lakini tukaingia metimani kama watu wote. Kutengwa nilikuvumilia. Kilichonitesa ni swali moja: je, mtoto wangu naye ametengwa na Mungu?

Mwalimu wa kanisa letu dogo akaja, akasimama nje ya ua wa minyaa.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia kutoka mlangoni.

"Marahaba, mama. Pole."

Nikamwomba amwage maji juu ya kaburi la mtoto na kulitaja jina la Baba, la Mwana na la Roho.

"Hapana, mama. Ubatizo ni alama ya ahadi. Alama haimtangulii Mungu ikamfungulia njia. Wewe mtoto ulimjua lini?"

"Alipoanza kucheza tumboni."

"Mungu alimjua kabla hujaolewa. Kabla mlima Hanang haujawekwa pale ulipo. Na ahadi yake amekupa wewe pamoja na uzao wako. Labda utasema mtoto hakuwahi kumchagua Mungu. Hata mimi na ndevu zangu sikumchagua. Alitutangulia sote."

Nikauliza, bila ujeuri, maana nilitaka kujua kweli: "Basi mbona wewe umesimama nje?"

Akashika mti wa lango. Baba mkwe, aliyekuwa akichunga ng'ombe mteremkoni, alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu," akaita, "ukiingia humo usipite kwangu. Ng'ombe wangu hawajasoma kitabu chako."

Mwalimu akacheka. "Wasalimie, mzee. Waambie tutaonana baada ya mavuno."

Akaingia. Akaketi karibu na jiko, akaomba uji. Nilikuwa na kibuyu kimoja tu, kile nilichonywea mwenyewe. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka mwisho.

Tangu hapo naye akawa mtu wa metimani. Hakuna nyumba iliyompokea. Mume wangu alimjengea kibanda kando yetu. Akalima pamoja nasi, na jioni akatufundisha Neno, kanisa lake likiwa sisi wawili. Wazee walipotufungulia, walitufungulia sote watatu.

Baadaye nilifundishwa mengi juu ya agano na uteule, nikayapenda. Lakini bado nashangaa kama siku ile. Mimi nisingeweza kuvuka ua ule kwenda kwa mtu yeyote. Ilibidi mtu auvuke kuja kwangu, na kuja kwenyewe kukamfanya awe kama mimi. Mtoto wangu simhofii tena. Na kikombe cha meza ya Bwana kinaponifikia, hukipokea kwa mikono miwili.