Makumbusho Yenye Mabenchi

Wenzake kazini walimwita Kasuku, naye hakuwa tena na nguvu za kukasirika. Kasuku hurudia maneno, na mwongoza wageni huyu alirudia yaleyale kutwa nzima, chini ya mwavuli uleule wa njano, kutoka lango la mji wa kale mpaka uwanja wa ngome. Alikuwa mtu wa kiguu na njia. Makumbusho yote ya mji aliyapima kwa jambo moja: yana pa kukaa au hayana. Ya mfalme ni marumaru tupu, hata kigoda hukioni. Ya silaha yana benchi moja, nalo kalikalia mlinzi. Ya vyombo vya nyumbani, madogo, wageni hawayajali, lakini mabenchi tele, tena yenye mito. Hayo aliyapenda kwa dhati.

Jioni hurudi nyumbani kakauka. Huvua viatu, hujibwaga kwenye kochi, na mkewe akiuliza jambo hujibiwa "mm", achague mwenyewe maana yake. Mke huyo ni Mama Pacha, na pacha wenyewe walishaolewa wakaenda zao. Nyumba ilikuwa imetulia kama maji mtungini.

Ijumaa moja Mama Pacha alikaa ukingoni mwa kochi.

"Mwanao anataka nikakae naye. Anasema mtoto mchanga anamshinda."

"Mm. Muda gani?"

"Hakutaja muda. Anataka nihamie."

Kasuku akafungua jicho moja. "Wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia nitamjibu Jumatatu. Natafuta sababu ya kukataa, Baba Pacha. Mpaka sasa sijaipata."

Kasuku aliogopa, kweli aliogopa. Lakini alipoyatafuta maneno ya kumzuia mkewe hakuyapata. Wageni walikuwa wameyamaliza yote. Kinyozi hajinyoi, na msemaji huyu kwake alikuwa bubu.

Mama Pacha akangoja. Kisha akauliza jingine. "Hivi, mtu akitaka kuona makumbusho na matembezi yako kwa siku moja, apange vipi?"

Jibu la hilo lilimtoka bila kufikiri. "Aanze na ya mfalme asubuhi, kabla mabasi hayajamwaga watu. Ya silaha ayaache, atapoteza muda bure. Halafu ale kitu, aje langoni tuanze matembezi, maana nikishaanza sisimami. Ya vyombo yawe ya mwisho. Miguu itakuwa imekwisha, na kule kuna mabenchi."

Mama Pacha akamtazama. Wiki nzima hakuwa amemsikia akisema maneno mengi kiasi hicho. Kasuku hakuuliza huyo mtu ni nani, alishaanza kukoroma.

Kesho yake alikuta langoni kundi la wauguzi wastaafu, wachangamfu kama watoto waliofunga shule. Nyuma yao, kwa viatu vya chini, mkoba kwapani na kibandiko cha tiketi kifuani, alisimama Mama Pacha.

"Unafanya nini hapa?" akamnong'oneza.

"Natoka makumbusho ya mfalme. Kweli, hakuna pa kukaa."

"Si ungeniambia? Ungeingia bure."

"Sitaki bure. Nimekuja kusikiliza kama wenzangu."

Akaona haya kama bwana harusi. Lakini kazi ni kazi, akanyanyua mwavuli, wakaenda. Kwenye kisima alisimulia kisa cha mfalme aliyeogopa paka, na Mama Pacha alicheka mpaka akajifuta machozi. Miaka yote ya ndoa hakuwa amewahi kukisikia. Kasuku alifurahi kumwona vile, kisha furaha ikamchoma: kisa hicho kimeshasimuliwa kwa watu baki wasiohesabika, waliokisahau kabla ya kupanda basi.

Wakafika uwanjani, kwenye jiwe la mpiga mbiu. Hapo alikuwa na mzaha wake wa siku zote, na tangu langoni alikuwa amejionya: leo uruke. Lakini jua lilikuwa la utosi, nyayo zinawaka, na ulimi hauna mfupa.

"Alikuwa akisimama hapa," alisema, "mji mzima unanyamaza kumsikiliza. Mimi je? Mke wangu hanisikilizi hata neno moja. Ndiyo maana nikaichukua kazi hii, angalau nilipwe nisikilizwe!"

Wauguzi wakaangua kicheko. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nyuma ya kundi mkono mmoja ukanyanyuka taratibu.

"Nina swali, mwongozaji," akasema Mama Pacha. "Huyo mke asiyesikiliza, mara ya mwisho ulimwambia nini?"

"Chai haina sukari!" akadakia muuguzi mmoja, na wenzake wakapiga makofi, wakidhani mzaha umepangwa. Kasuku hakucheka. Alitafuta jibu, akakuta la mwisho alilomwambia mkewe ni habari za mabenchi.

Kundi lilipoagana naye, alimkuta Mama Pacha mlangoni mwa makumbusho ya vyombo, na tiketi mbili mkononi.

"Niko hoi, mke wangu."

"Najua. Ndiyo maana nimeyaweka mwisho."

Wakakaa kwenye benchi, mbele ya mitungi na mawe ya kusagia. Kasuku akakohoa kusafisha koo. "Mitungi hii ilifinyangwa na..."

"Hayo ya wageni."

Akaulaza mwavuli mapajani.

"Miguu inaniuma," akasema.

"Tangu lini?"

"Miaka sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikifika nyumbani nakuwa sina hata neno. Na ule mzaha nimeurithi kwa mzee aliyenifundisha kazi, kabla sijakuoa. Huyo mke si wewe."

"Mke ni mimi. Kuna mwingine?"

"Hakuna." Akamgeukia. "Usihame. Nenda ukamwone mjukuu, lakini urudi. Nyumba ile peke yangu siiwezi."

Mama Pacha aliinama, akamlegezea kamba za viatu, kimoja baada ya kingine, akakaa tena wima. Mlinzi alikuwa keshaanza kuchezesha funguo mlangoni.

"Ukiacha ya silaha, makumbusho gani mengine sijayaona?" akauliza Mama Pacha.

"Ya posta ya zamani. Lakini hayo hayamo kwenye matembezi."

"Yana pa kukaa?"

"Kiti kirefu kimoja, dirishani. Kina mguu mbovu."

"Tutaenea wawili?"

"Kwa kubanana."

"Basi tutabanana," akasema Mama Pacha. "Tuyapange Jumamosi ijayo. Mwanao nitamwambia asubiri."