Sindano ya Mdogo Wangu

Nikinusa spiriti hata leo, namwona mama amepiga magoti katika nyumba yetu ya kanjo, tuliyopangishwa na baraza la jiji, akimdunga mdogo wangu sindano ya kisukari pajani, kisha akipapuliza taratibu. Mimi hakuna aliyenipuliza. Tumbo la mdogo wangu pia lilikataa ngano, kwa hiyo alipikiwa peke yake: wali, yai, nyama ya mbuzi kutoka soko la Kiamaiko. Mimi nilikula mkate kwa chai.

Asubuhi moja nilipandisha gauni. "Mama, nidunge na mimi."

"Usicheze na ugonjwa," mama akasema, akatoka kwenda kuchota maji.

Mdogo wangu aliutazama mkate wangu. "Nipe kidogo, nikupe yai."

Nilijua amekatazwa. Nilimpa kipande kizima, nikala yai lake polepole.

Kufikia saa sita alikuwa ametapika kila kitu, na dawa ya sindano ilikuwa imeshaingia mwilini, ikimshusha sukari bila chakula tumboni. Alianza kutetemeka. Mama alimpaka glukosi mdomoni bila kuniuliza neno, akamfunga mgongoni kwa leso, akashika njia ya zahanati huku akimwimbia. Nilifuata nyuma nikilia kwa hofu, na bado nikiutamani ule mgongo.