Kigari cha Mzee Orest

Verna, jirani yangu wa mlango wa pili, alinishika mkono kwenye ngazi akaninong'oneza.

"Mireille, mama, nasikia unapanda kile kigari cha umeme cha Mzee Orest. Watu wanasema kilimzimikia barabarani, akakatwa vidole viwili vya mguu kwa baridi."

Nilimwuliza Mzee Orest mwenyewe, jirani yetu wa jengo lilelile. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwambie aje avihesabu. Nitavua soksi."

Na kama ingekuwa kweli, ningepanda vilevile. Odette wangu alizaliwa kabla ya miezi yake, akabaki hospitalini, kilomita kumi na tisa kutoka kwetu, upande wa pili wa Winnipeg. Mimi nilikuwa nimepasuliwa, daktari kanikataza kushika usukani wiki sita. Mume wangu Remi yuko kwenye treni za mizigo, anakuja siku nne anaondoka kumi. Mtoto alikuwa hana kilo mbili, na nesi aliniambia wazi: siku anayokunyonya, anaongezeka, siku usipokuja, anabaki palepale.

Mzee Orest aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja. Kigari alikinunua kikiwa kimetumika, mkewe Halyna alipofariki. Kiangazi, betri ikijaa, kinakwenda kilomita mia. Januari, sitini, tena kwa kukibembeleza.

"Kwani nakwenda Vancouver?" huwajibu wanaomcheka. "Dukani, kanisani, kwa Halyna makaburini. Narudi, nachomeka."

Kila asubuhi, kabla ya kunipeleka kwa mtoto, alinifunika blanketi, akaniwekea chupa ya maji ya moto miguuni. Hita hakuiwasha, maana hita inakula betri. Tulipumua mvuke kama farasi wawili. Sikuwahi kumsikia akisema amechoka.

Siku baridi ilipofika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, tulishuka tukakuta waya wa kigari umelala kwenye theluji. Soketi pekee ya umeme, ile ya kwenye nguzo ya maegesho yetu, ilikuwa na waya wa gari la Verna, haibridi yake mpya ya petroli na umeme.

Verna alitokea dirishani. "Nimechomoa usiku! Langu lina injini, lazima ipashwe moto. Hilo lenu halina injini, nikasema litaganda nini?"

"Verna," alisema Mzee Orest taratibu, "wewe huchomeka ili lipate joto. Mimi huchomeka ili nipate safari."

Betri ilionyesha kilomita thelathini. Nilikumbatia mfuko wangu wa maziwa niliyokamua, machozi yakinigandia kwenye kope. Verna alishuka na koti juu ya nguo ya kulalia.

"Panda langu, mama. Nikupeleke."

"Na kioo chako chote ni barafu, utamaliza kukikwangua saa ngapi?" Mzee Orest alimjibu. "Anayenyonya hangoji. Sisi tunatangulia. Wewe kwangua, halafu utufuate."

Tulikwenda polepole kwa njia za ndani. Tulipofika darajani Verna alikuwa ameshatufikia, taa zikiwaka, kama tunazika mtu. Tulipofika hospitalini, betri ilikuwa imebakiwa na kilomita saba. Kwenye maegesho kulikuwa na nguzo za soketi za kupashia injini. Mzee Orest alichomeka, akanisubiri kwa muda wa saa tano na chupa yake ya chai. Verna alikaa naye, akaomba radhi, akala nusu ya pirogi za mzee, vile vifurushi vya unga vyenye viazi ndani. Odette alinyonya mpaka akalala mdomo wazi. Aliongezeka gramu thelathini na tano siku ile.

Sasa yuko nyumbani, ana mashavu. Wiki zangu sita zimekwisha. Jana Mzee Orest alibisha hodi, kofia mkononi, akamtazama mtoto muda mrefu, karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Jumanne wananifanyia operesheni ya macho," alisema. "Hospitali ileile. Hawataki nirudi nikiendesha." Akaweka ufunguo mezani. "Utanipeleka, binti yangu? Hita unaruhusiwa kuwasha, mtoto akiwemo. Ila usiku wa kuamkia Jumanne, nakuomba, lala jicho moja likiwa kwenye ile soketi."