Rambirambi za Harusi

Tarsisi, katekista wa kigango kimoja huko Matiri, alikijua Kiingereza kama mtu anavyomjua jirani wa ng'ambo ya mto: kwa kupungiana mikono tu. Padre alimfundisha kwamba confirmation ndiyo kipaimara, confession ni kitubio, na congregation ni waumini waliokusanyika. Tarsisi akaunganisha mwenyewe: maneno ya con ni ukoo mmoja, ukoo wa kanisani, hauna neno baya.

"Baba Winifrida," mkewe Gaudiosa alimwambia siku moja wakianika kahawa, "kuku na kuni vinaanza sawa. Mbona kuni hazitagi?"

"Hicho ni Kiswahili," alijibu Tarsisi, akaendelea kugeuza buni.

Binti yao Winifrida alipoolewa na Dastan, dereva wa malori ya makaa ya mawe kule Ngaka, ukumbi uligawanyika. Wakatoliki wa milimani huku, Waanglikana wa ziwani kule. Violet, mama yake Dastan, alikaa amenuna. Hakuwa amependa mwanawe aoe upande ule. Katikati aliketi msimamizi wa Dastan kazini, Mzungu mmoja mpole, na kwa heshima yake Tarsisi akaombwa kuwapongeza maharusi kwa Kiingereza.

Neno alikuwa nalo tangu asubuhi: congratulations, yaani hongera. Aliposhika kipaza sauti likamponyoka, akadaka ndugu yake wa ukoo uleule wa con.

"Dastan and Winifrida," alisema kwa sauti ya altareni, "the whole family gives you condolences."

Yule Mzungu aliinuka taratibu, akamwendea bwana harusi, akamshika mkono. "Pole sana, Dastan," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia. "Mungu akutie nguvu."

"Baba," mdogo wake Winifrida, Devotha, alinong'ona, "umewapa rambirambi."

Kicheko kilianzia meza ya vijana, kikaenea ukumbi mzima. Tarsisi alisimama na kipaza sauti chake mkononi. Ndipo alipomwona Violet akija, mabega yanamtikisika.

"Pole, mkwe wangu," alisema Violet, akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitenge. "Hata sisi wa ziwani msiba umetugusa."

Akamvuta mkono wakacheze, na watu wa pande zote mbili wakawafuata.

Wakirudi nyumbani jioni ile, Gaudiosa alimuuliza mumewe kama kwenye mazishi yajayo atawapongeza wafiwa. Tarsisi akasema viatu vinambana, watembee polepole.