Kulipia Kuambiwa

Gari lilizima mara ya kwanza katikati ya Palma na Mocímboa da Praia, kwenye kipande cha barabara ambacho hakuna dereva anayesimama hata kwa haja ndogo. Pande zote mbili ni pori, na kijiji cha karibu kilikuwa bado na nyumba nyingi zisizo na mapaa tangu washambuliaji walipopita. Abiria hawakunilaumu. Walishuka, wakasimama pembeni wakitazama miti, na kina mama wakawapa watoto titi ili wasilie. Heri wangenitukana. Matusi ya abiria nimeyazoea, ukimya ule sikuuzoea.

Baada ya muda injini ikakubali kuwaka, tukafika salama. Lakini taa ya njano ya injini, iliyokuwa imewaka kwenye dashibodi, haikuzimika tena, na tangu siku hiyo sikuwa dereva, nilikuwa msikilizaji. Likipunguza nguvu kidogo kwenye kilima, jasho linanitoka. Abiria akikohoa nyuma, nashtuka nikidhani ni injini. Fundi wetu wa mtaani, ambaye hakuna nati ya gari lile asiyoijua, alibadilisha chujio la dizeli, akasafisha tangi, kisha akanyoosha mikono.

"Mimi hapa nimefika mwisho, ndugu yangu. Mpelekee mwenye mashine."

Mwenye mashine ni ile oficina, gereji ya wakala wa magari, yenye sakafu ya vigae na kiyoyozi, iliyofunguliwa kwa ajili ya magari ya makampuni ya gesi. Sisi wengine huwa tunaipita tu. Nilikwenda na mama yangu, kwa kuwa gari ni lake. Alilinunua kwa fidia ya shamba la minazi, tulipohamishiwa kijiji kipya kupisha mradi wa gesi, na mimi ni dereva wake. Watu hudhani mambo ni kinyume chake, nami sijajisumbua kuwasahihisha. Ukweli ni kwamba hata tairi sinunui bila yeye kusema ndiyo, na kila kinachopikwa nyumbani kwetu kinatoka kwenye gari lile.

Mapokezi tulimkuta binti mpole, Kireno na Kiswahili vikimtoka kwa pamoja. Akatueleza kwamba kabla ya lolote kuna ada ya diagnóstico, yaani ya kulipima gari kwa mashine. Inalipwa kwanza na hairudishwi, mtengeneze hapo au msitengeneze.

"Na mkikuta halina kitu?" mama akauliza.

"Mtalipa vilevile, mamã. Mashine imenunuliwa, fundi amesomea, na muda wake ameutumia."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchemka. Pesa aliyoitaja ilikuwa sawa na mapato ya safari nzima, kabla hujatoa dizeli. Kwa kazi gani? Kuchomeka waya chini ya usukani na kusoma kioo, kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikamwambia huo ni wizi wa mchana kweupe, na kwamba hata kinyozi wangu hanitozi kwa kukitazama kichwa. Binti akatabasamu kwa adabu ya mtu anayeambiwa hivyo kila siku. Mama akanigusa mkono.

"Mlipe," akasema.

Nilidhani hakusikia kiasi. Ndipo akanieleza, taratibu, mbele ya yule binti, jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Siku watu wa fidia walipokuja kuhesabu minazi yake, alikuwa akitangulia kwenye kila mnazi na kuuwekea kiganja ili usirukwe. Hakuna uliorukwa. Walikuwa watu wa heshima, wakamwonyesha kila walichoandika: huu unazaa, huu umezeeka, huu bado mchanga. Lakini mshahara wao hakuulipa yeye, kampuni ndiyo iliyowalipa.

"Labda walisema kweli tupu," akasema. "Mimi sitajua. Huyu wa leo nitamlipa mwenyewe, aniangalizie mimi."

Nililipa, gari likaingizwa ndani, na sisi tukabaki nyuma ya kioo kwa sababu wateja hawaruhusiwi kuvuka. Mama alikataa kiti. Alisimama karibu na kioo hadi pumzi yake ikakitia ukungu. Nilikuwa naomba wasikute ugonjwa, halafu nakumbuka lile pori, naomba waukute na wautaje jina.

Wakaukuta. Fundi aliyetoka na karatasi alikuwa mtu mzima wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kimwani cha pwani yetu. Pampu ya dizeli inachoka, alisema, inapeleka mafuta kwa kusitasita. Ibadilishwe, na nozeli zote, zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini, zibadilishwe pamoja nayo. Kisha akasoma bei. Ilikaribia nusu ya thamani ya gari lenyewe.

Mama akamgeukia fundi.

"Mwanangu," akamwambia, "pesa ya kutazama tumeshakulipa, hiyo imekwisha. Sasa nijibu kama mtu asiyeuza pampu."

Nilitaka kujificha kwa aibu. Lakini fundi hakukasirika. Alivua glavu zake moja baada ya nyingine, akaitazama tena karatasi.

"Kama siuzi, mama, nozeli zinaweza kusubiri. Pampu haiwezi. Inaweza kuwapeleka mpaka baada ya masika, inaweza kuzima kesho. Mashine inaonyesha ugonjwa, haionyeshi siku."

Tangu hapo nimebishana sana na madereva wenzangu. Wao wanasema ada ile ni ujambazi, mimi nasema hapana, kuambiwa ukweli ni kazi na kazi ina malipo. Kinachoniuma ni kingine. Swali moja la mama liliondoa sehemu kubwa ya ile bei, na fundi hakuwa ametudanganya, alikuwa tu hajaulizwa. Je, asiyejua kuuliza hivyo? Analipa ada ileile, anapewa ukweli wenye bidhaa ndani yake. Siku ile tuliambiwa tulichohitaji kujua, na nikatoka pale nikiwa na hofu zaidi kuliko nilivyoingia.

Hata pesa ya pampu peke yake hatukuwa nayo. Kitu pekee ambacho kingeweza kutuletea pesa ya pampu ni lile gari lenyewe, barabara ileile. Tulipofika nyumbani, mama akasema nitaendelea na safari, kila siku tutaweka kando chochote, na yeye atakuwa anapanda pamoja nami, kiti cha mbele.

Nikakataa. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, au gari lilale.

"Likilala tutakula nini? Na likizima kule porini, lisikukute peke yako."

Machozi yalinilenga, nikageuka nisionekane. Ulikuwa upendo, na mpaka leo sina shaka nao.

Asubuhi iliyofuata stendi ilikuwa na watu wengi, lakini gari langu halikujaa. Habari za kuzima zilikuwa zimeshaenea. Watu walikuwa wanachungulia, wanasitasita, wanasogea kwa jirani yangu. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama mlangoni, mfuko wake bado mkononi.

"Kaka, nasikia gari hili lilizima njiani. Limepona?"

Jibu nilikuwa nalo. Tulikuwa tumelilipia. Nikafungua mdomo, na kabla sijatoa neno mama akainama dirishani, uso umejaa tabasamu.

"Mwanangu, mimi ndiye mama yake mzazi," akasema. "Lingekuwa bovu, angenipandisha?"

Yule mwanamke akacheka, akashusha pumzi, akanipa mfuko na kupanda. Waliokuwa wakisitasita wakamfuata, mpaka viti vikaisha. Mama alikaza mtandio wake akitazama mbele, hakunigeukia. Nikawasha injini, ikaitika mara ya kwanza.