Wazee wa Kwenye Kioo

Jirani yetu hukusanya vioo vya hadubini vyenye visukuku vya radiolaria, viumbe wa baharini wadogo kuliko punje ya chumvi, wenye magamba yaliyotobolewa kama lesi. Kila kioo hukishika kingoni, hukipulizia pumzi, hukifuta, kisha hukisalimu: “Haya, wazee wangu.” Siku hizi macho yameanza kumtupa mkono.

Jana aliinama kwenye hadubini. “Ukungu mtupu,” alisema.

Mkewe akachungulia. “Baba watoto, kioo umekilaza kifudifudi! Ndiyo maana huoni.” Akashusha pumzi akicheka, akazima taa ya hadubini, akakigeuza kioo. Kabla hajaiwasha tena, mzee alikuwa ameshainama.

“Ee, sasa nawaona,” alisema. “Wote wametimia.”

Mkewe akaondoa kidole kwenye swichi, polepole, akaiacha taa ilivyo, imezimwa.