Kinanda cha Pili cha Bibi Pfandl

Walburga Pfandl hakuwa mtu wa kuandikiwa habari. Alikuwa binti wa mshona glavu, mzaliwa wa mtaa wetu huu wa Josefstadt, Vienna, hodari wa kukanda unga na kujibu mawifi, kisha akajiharibia kwa kuolewa na mtunzi wa muziki. Nilikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na nilimwonya mapema. Alitakwa na mwenye duka la kofia. Yeye akamchagua Ignaz, mpiga kinanda wa kanisani, ambaye muziki wa misa aliotunga ulimsinzisha hata padri.

Misa zingevumilika. Kilichomshinda Burgi, kama tulivyomwita Walburga, ni Leonhard Zierer, mtunzi mwingine, kapera, mwenye shingo ndefu na koti moja zuri. Kila jioni alikuja, akala maandazi ya Burgi bila kuyatazama, kisha mabwana hao wakaketi benchi moja, mbele ya kinanda kimoja, kupiga vipande vya mikono minne walivyotungiana wenyewe. Na sijui ni mtu gani mwenye akili timamu anayetunga muziki ambao ndani yake mkono wa huyu lazima upite chini ya mkono wa yule, ukurasa baada ya ukurasa, ilhali kinanda kina nafasi tele kushoto na kulia.

Mke wa mwoka mikate alisema huo ni urafiki wa wasanii. Wajinga hawakosi maneno mazuri. Burgi alitaka kujua ni urafiki au ni mapenzi, na kutojua kulimkondesha.

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kumkamatia," aliniambia. "Huyu nimkamatie wapi?"

"Si umuulize mumeo."

"Nimemuuliza. Kasema Leonhard ndiye anayemshikia sauti ya chini."

"Nawe ukaridhika?"

"Ningesema nini, mwenzangu? Hata hiyo sauti ya chini siijui."

Baba yake alipofariki, Burgi aliuza duka la glavu alilorithi, akanunua kinanda cha pili. Wapagazi walikipitisha dirishani, mtaa mzima ukitazama. Akakiweka kikabiliane na kile cha zamani, kila kimoja na kiti chake, na benchi akalitupa jikoni. Nani atalalamika kwa kupewa kinanda kipya? Ulikuwa ujanja mzuri kuliko misa zote za mumewe.

Jioni hiyo aliniita nishuhudie. Zierer alisimama mlangoni, akatazama viti viwili, kisha akakiendea kinanda kipya na kubonyeza kitufe kimoja.

"Umetutukuza, shemeji," alisema. "Kina sauti safi."

Wakapiga. Hakuna aliyekosea na hakuna aliyemgusa mwenzake. Sijapata kusikia wanaume wawili wenye adabu ya kuchosha namna ile. Zierer akanywa kahawa yake wima, akashukuru, akavaa koti. Kesho yake hakuja, wala kipupwe chote, na baadaye tukasikia anaongoza kwaya mjini Graz.

Basi Burgi akawa ameshinda. Mume alikuwa wake kila jioni, mezani, akila alichowekewa na kusema ahsante. Hakutunga tena, na Vienna haikupungukiwa kitu. Lakini ukimya wa nyumba yao ulivuka ukuta hadi kwangu, na nilimwonea huruma rafiki yangu ingawa alijitakia.

Siku ya Pasaka nilikula kwao. Burgi alikata nyama, kisha akasema bila kuinua uso:

"Mwandikie Leonhard, mume wangu. Mwite aje. Benchi nitalirudisha."

Ignaz aliweka uma chini. Nilitamani akasirike, lakini hakukasirika.

"Nimwite kama nani, Burgi?"

Alimngoja. Alimngoja kweli, mwoga yule, kana kwamba mkewe ndiye aliyepaswa kujua. Niliwadharau wote wawili. Burgi alivuta sahani ya mumewe, akamwongezea nyama ambayo hakuiomba.